Mfumo wa chuo upimwe Kigoma kwanza

Barua nne za mwezi huu zimetoka Kigoma na Tabora, na zote zinagusa jambo moja: vyuo vikuu vyenye kampasi zaidi ya moja vinavyobadilisha huduma zao za TEHAMA. Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi ya TEHAMA chuoni, hapa Tabora, kwa miaka mingi, kwa hiyo baadhi ya majibu yangu yametokana na yale niliyoyaona kwa macho. Majina ya vyuo nimeyaacha, ya waandishi wa barua na yangu.

Barua ya kwanza: Mimi ni mkuu wa idara katika kampasi ya Kigoma ya chuo kikuu ambacho makao yake makuu yako Dar es Salaam na kampasi nyingine iko Tabora. Kila kampasi ina mfumo wake wa matokeo, ulionunuliwa kwa wakati wake na kutengenezwa na fundi wake. Sasa uongozi umeamua kuifunga mifumo yote mitatu na kuweka mmoja makao makuu. Wenzangu wanapinga. Wanasema Kigoma ni mbali, mfumo utakuwa mzito, na siku mkongo, yaani kebo kuu ya mawasiliano, ukikatika hatutaweza hata kuchapa orodha ya watahiniwa. Je, tukubali, au tuendelee kudai seva yetu ibaki hapa?

Mkuu wa idara, mkubali mfumo mmoja, lakini mkubali kwa masharti, na masharti hayo yaandikwe kabla ya mkataba kutiwa saini.

Nianze na hoja ya umbali, kwa sababu ndiyo inayosemwa zaidi ingawa ndiyo yenye uzito mdogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa njia ya reli ni takribani kilomita 1,250. Mwanga ndani ya uzi wa mkongo husafiri kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Hata mkongo ungefuata reli mtaro kwa mtaro, swali linalotoka Kigoma na jibu linalorudi vingetumia kama milisekunde (elfu za sekunde) 12 au 13 tu safarini, muda ambao mtu hauhisi. Kwa hiyo mfumo ukiwa mzito Kigoma, msikubali kuambiwa kwamba sababu ni umbali, wala ninyi msiitumie sababu hiyo.

Uzito hutoka mahali pengine. Kwanza ni wembamba wa njia ya mtandao. Faili la mhadhara wa video lenye ukubwa wa gigabaiti moja, likipita peke yake kwenye njia ya megabiti 20 kwa sekunde, huchukua karibu dakika saba. Sasa fikirini wiki ya usajili, mwalimu mmoja anapakua faili hilo huku mamia ya wanafunzi wakijaribu kufungua ukurasa wa ada kupitia njia hiyo hiyo. Dawa yake si lazima iwe kununua njia nene zaidi, ingawa mara nyingi hilo nalo huhitajika. Ruta, kifaa kinachoelekeza mawasiliano ya mtandao, inaweza kupangwa ili usajili, mitihani na matokeo vipite kwanza na video zisubiri, na mihadhara iliyorekodiwa inaweza kuwekwa kwenye seva ndogo ya kampasi ili isivutwe kutoka Dar es Salaam kila mwanafunzi anapoitaka.

Sababu ya pili hufichwa na mahali mfumo unapojaribiwa. Programu iliyoandikwa bila uangalifu huenda kwenye seva na kurudi mara nyingi kabla ya kufungua ukurasa mmoja. Tuseme mara 60. Fundi aliyeko makao makuu, ambaye seva yake iko chumba cha pili, haoni chochote. Kwa mkongo ulio mzima wa hadi Kigoma, safari hizo 60 hazifikishi sekunde moja. Lakini siku mkongo umekatika nanyi mmehamia kwenye setilaiti ya kawaida, ile inayokaa juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita zipatazo 36,000, kila swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde, na ukurasa ule ule utasubiriwa nusu dakika. Mfumo ni ule ule, na kasoro ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila haikupata nafasi ya kuonekana.

Hapo ndipo sharti langu la kwanza linapotoka, nami nalishikilia kuliko mengine yote: mfumo usipokelewe kutoka kwa mkandarasi mpaka upimwe Kigoma, na watumishi wa Kigoma, kwa kompyuta zao za kila siku, kwenye njia kuu na kisha kwenye njia ya akiba. Kampasi ya mbali ikiridhika, makao makuu hayawezi kukosa kuridhika, lakini kinyume chake si kweli. Nimeshuhudia mifumo ikizinduliwa kwa hotuba makao makuu na mwezi mmoja baadaye karani wa kampasi akarudi kwenye daftari.

Sharti la pili ni njia mbili zilizo mbili kweli. Tangu ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza mwaka 2009, kampuni nyingi hukodi sehemu ya mkongo badala ya kuchimba mtaro wao. Chuo kinaweza kulipa ankara mbili kila mwezi kwa kampuni mbili, kumbe zote zinapita kwenye uzi mmoja, na siku greda la barabara likiukata, zote mbili huzimika kwa pamoja. Kabla ya kusaini, muulizeni kila mtoa huduma awaonyeshe kwenye ramani mahali kebo yake inapopita kutoka Kigoma hadi inapoungana na njia nyingine. Asipoweza kuonyesha, mtafuteni wa pili anayetumia minara ya redio au setilaiti.

Umeme na radi nitavisema kwa ufupi, kwa kuwa mnavijua kuliko mimi. Kila swichi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta za jengo, hata ile ya chini ya meza ya msajili, iwe na betri ya akiba. Kati ya jengo na jengo msitandaze kebo ya shaba. Kebo hiyo haifai kuzidi mita 100 kwa vyovyote, na katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, inaweza kubeba mshtuko wa radi kutoka jengo moja na kuunguza vifaa vya jengo la pili. Tumieni uzi wa mkongo, ambao ni kioo na haupitishi umeme.

Halafu kuna swali la wenzako kuhusu siku ambayo njia zote zimekatika. Wanauliza swali la haki. Orodhesheni huduma zenu, na kwa kila moja mjiulize inaweza kusubiri kwa muda gani. Kuingiza alama kunaweza kusubiri hadi kesho. Orodha ya watahiniwa wa mtihani wa saa mbili asubuhi haiwezi kusubiri hata saa moja, kwa hiyo ichapwe jana yake kwa kanuni, bila kutegemea busara ya mtu. Kampasi iwe na nakala ya taarifa ya kusomwa tu, inayojisasisha usiku, ili msajili aweze kuona taarifa za mwanafunzi hata mtandao ukiwa umelala. Mkipata nakala hiyo mtakuwa mmepata lile mlilokuwa mnalitaka kwenye seva yenu, bila matatizo ya kuwa na vyanzo vitatu vya ukweli.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo barua yako haikulitaja, nalo ndilo litakalowatoa jasho. Mifumo mitatu ina wanafunzi wale wale walioandikwa kwa namna tatu. Ramadhani wa Kigoma ni Ramadhan wa Tabora. Mwanafunzi aliyehama kampasi ana namba mbili za usajili. Somo lenye kifupi kimoja lina uzito tofauti katika kampasi mbili. Mkihamisha taarifa hizo kama zilivyo, mtakuwa na mfumo mpya wenye makosa ya zamani, na safari hii yatakuwa makosa ya chuo kizima.

Wengi hudhani namba ya mtihani wa kidato cha nne itamaliza kazi, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika maombi ya udahili na ya mkopo. Inasaidia sana, lakini mtu aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja: ile ya shule inayoanza na S, na ile ya mtahiniwa wa kujitegemea inayoanza na P. Namba ya kitambulisho cha Taifa yenye tarakimu 20 ni ya mtu mmoja maisha yake yote, ila wapo wanafunzi wanaofika chuoni kabla ya kuipata. Njia ninayoiamini ni chuo kutoa namba yake ya ndani ya kudumu kwa kila mtu, isiyobadilika akihama kampasi au akirudi kusoma shahada ya pili, kisha namba nyingine zote zifungwe chini yake. Usafi wa majina ufanywe na makarani wa kampasi wanaowajua wanafunzi, wakiwa na majalada mkononi, wala asiachiwe mkandarasi aifanye kazi hiyo kwa programu usiku mmoja.

Nina sababu ya kusisitiza hivyo. Katika chuo nilichofanyia kazi, taarifa zilihamishwa kwa haraka wakati wa likizo, na binti mmoja aliyekuwa amebadilisha programu akabaki na kumbukumbu mbili: moja ikiwa na alama za mwaka wa kwanza, nyingine za miaka miwili iliyofuata. Kila kumbukumbu peke yake ilionyesha hajakamilisha masomo. Jina lake halikuwepo kwenye orodha ya wahitimu, na wazazi wake walikuwa wamekwisha kusafiri kutoka kijijini kuja mahafali. Tulilipata kosa lile kwa nusu saa, lakini siku tatu baada ya sherehe. Sijalisahau, maana kazi ya kulizuia ilikuwa yangu.

Mwisho kwa upande wako: mfumo wa zamani usizimwe siku ule mpya unapowashwa. Anzeni na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waliosajiliwa upya na wasio na historia ya kuhamisha. Wengine wafuate muhula unaokuja, na mfumo wa zamani ubaki wa kusomwa tu kwa mwaka mzima. Msihamishe chochote wiki ya mitihani, hata mkandarasi akidai muda wake wa mkataba unaisha.

Barua ya pili: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili Tabora. Nina nywila ya matokeo, ya barua pepe, ya maktaba, ya masomo ya mtandaoni na ya waifai. Nikisahau moja napanga foleni. Tumesikia kwamba tutapewa moja kwa vyote. Nimefurahi, lakini rafiki yangu anasema mwizi akiipata hiyo moja amepata kila kitu. Nani yuko sahihi?

Mwanangu, nyote wawili mko sahihi, na ndiyo maana nywila moja haipaswi kuja peke yake. Leo, ukiwa na nywila tano, yaelekea umetumia ile ile mahali patano, au umeziandika nyuma ya daftari. Mwizi hahitaji kazi kubwa. Nywila moja ndefu, unayoiingiza kwenye ukurasa mmoja tu wa chuo, ni rahisi kuilinda, na chuo kinaweza kuifunga mahali pamoja mara tu unapotoa taarifa.

Iongezewe hatua ya pili ya kuthibitisha kuwa ni wewe. Epuka ile ya ujumbe mfupi wa simu ikiwa kuna chaguo jingine, kwa sababu matapeli wameshajua kubadilisha laini ya mtu. Iko programu ya simu inayotoa namba mpya ya tarakimu sita kila baada ya sekunde 30 kwa kutumia saa ya simu yenyewe. Haihitaji bando wala mnara, kwa hiyo hufanya kazi hata ukiwa kijijini Sikonge ambako mawimbi ya simu ni ya kutafuta juu ya kichuguu. Na uangalie anwani kabla ya kuandika nywila: jina la tovuti ya chuo cha Tanzania kwa kawaida huishia na .ac.tz, na ujumbe unaokutaka uharakishe kabla ya akaunti kufungwa usiufuate, hata ukiwa na nembo ya chuo.

Kuna faida nyingine ya utambulisho mmoja ambayo wanafunzi wengi hawajaisikia. Upo utaratibu uitwao eduroam, uliobuniwa Ulaya mwaka 2002, ambao humwezesha mwanachuo wa chuo mwanachama kutumia waifai ya chuo kingine kwa nywila ya chuo chake mwenyewe. Chuo kinachokupokea hakiioni nywila yako. Swali hupelekwa chuoni kwako, nacho hujibu ndiyo au hapana. Mwulize afisa TEHAMA wenu kama chuo kina mpango huo, na kama anahitaji pa kuanzia, TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, ndiyo mlango wa kubisha.

Barua ya tatu: Mimi ndiye afisa TEHAMA pekee wa kampasi ya Tabora. Mpango mpya unaninyang'anya ruhusa zote za uendeshaji na kuzipeleka makao makuu. Printa ya mhasibu ikigoma, nitapaswa kuandika barua pepe na kusubiri. Walimu watanilaumu mimi ninayeonekana. Nifanye nini?

Ndugu yangu, nimekaa kwenye kiti hicho hicho, nami nakuelewa. Lakini nikubali pia ukweli wa upande wa pili: ruhusa zote kuwa mikononi mwa mtu mmoja, katika kila kampasi, ni hatari kwa chuo na hata kwako. Siku alama zikibadilika kinyume cha sheria, utakuwa mshukiwa wa kwanza na huna ushahidi wa kujitetea.

Dai mgawanyo, na udai kwa maandishi. Vitu vya kugusa kwa mkono, kama swichi, printa, kompyuta za maabara na akaunti za wageni wa siku moja, vibaki kwako kwa ruhusa kamili. Kurudisha nywila ya mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake kuwe kwako pia, kwa sababu wewe ndiye unayeiona sura yake. Seva kuu na kanzidata ya matokeo viende makao makuu. Kila tatizo lipewe namba na muda wa kujibiwa, na mwalimu aweze kuiona namba hiyo mwenyewe, ili ajue suala lake limekwama mezani kwa nani. Hilo peke yake litakuondolea nusu ya lawama.

Dai pia vipuri. Swichi moja na ruta moja, zikiwa zimekwisha kupangwa, zikae kabatini Tabora na nyingine Kigoma. Kifaa kinachotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam hakiwezi kuokoa mtihani wa leo. Ningependekeza chuo kitazame Tabora kwa jicho lile lile reli ilivyoitazama tangu zamani: hapa ndipo njia ya Kigoma na ya Mwanza zinapoachana. Timu ya watu wawili au watatu ikiwekwa Tabora, inaweza kufika Kigoma, umbali wa takribani kilomita 400 kwa reli, mapema kuliko mtu yeyote wa makao makuu, nawe hutakuwa peke yako tena unapougua.

Usisahau nakala rudufu. Ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae kampasi nyingine kabisa. Chuo chenye kampasi kimebarikiwa hapo: nakala ya Dar es Salaam ilale Tabora, bila kulipia jengo la mtu. Na mara moja kila muhula mkae chini mjaribu kurejesha taarifa kutoka kwenye nakala hiyo, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitishwa kuwa ni nakala. Wapo wanaoshauri kila kitu kipelekwe kwenye seva za kukodi ng'ambo. Kwa barua pepe sina kipingamizi kikubwa. Kwa matokeo ninacho: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchini kote, na huduma iliyokuwa ndani ya nchi ilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kufikika.

Barua ya nne: Mimi ni mzazi, nipo Kasulu. Binti yangu anasoma chuo kikuu. Matokeo ya darasa lao, yakiwa na majina kamili na namba za simu, yalirushwa kwenye kundi la WhatsApp na mtumishi wa chuo, eti mfumo ulikuwa haufunguki. Binti alilia kutwa. Je, mzazi naweza kusema lolote, au ndiyo mambo ya mtandao?

Mama yangu, pole, na umpe pole binti. Unaweza kusema, na sheria iko upande wenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa lengo alilozikusanyia na azilinde zisifike kwa wasiohusika. Namba ya simu ambayo binti aliitoa wakati wa usajili hakuitoa ili isomwe na darasa zima. Mfumo kutofunguka hakumpi mtumishi ruhusa hiyo. Angeweza kubandika matokeo kwa namba za usajili bila majina, au kusubiri.

Kwa kuwa binti ni mtu mzima, malalamiko yaandikwe kwa jina lake. Apige picha ya kile kilichorushwa, akionyesha tarehe, kisha aandike kwa msajili wa chuo akiomba mambo mawili: orodha iondolewe, na aelezwe kwa maandishi ni nani wengine waliopewa. Asipojibiwa, au akijibiwa kwa vitisho, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko ya namna hii. Barua yako nami nimeiweka mwisho makusudi ili yule mkuu wa idara wa Kigoma aisome kabla ya kwenda kwenye kikao chake, na kwenye orodha yake ya masharti aongeze kuwa siku mfumo usipofunguka, kila karani awe na karatasi mezani inayomwambia njia halali ya kutoa matokeo ni ipi.